Urithi hauna zamu

Ugomvi mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea nyumbani kwangu ulihusu Ziwa Tanganyika: maradhi ya mwanangu yametoka upande gani wa maji. Babu yangu mzaa baba alivuka kutoka Kalemie akiwa kijana, akaoa Ujiji, akazikwa Ujiji. Mke wangu ni Muha wa Kasulu. Mtoto wetu wa pili alipoanza kuugua, wakwe zangu walisema hiyo ni damu ya ng'ambo, damu ya Kongo. Shangazi zangu nao wakajibu kwamba ukoo wetu haujawahi kusikia ugonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo umeingia na bibi harusi. Mke wangu alikuwa akiyasikia yote hayo akiwa jikoni, na sufuria siku hizo zilikuwa zikitua kwa kishindo.

Mimi ni fundi cherehani, pale Mwanga, Kigoma mjini. Mtu wa cherehani husikia mengi, maana wateja husahau kwamba anayeinamia kitambaa ana masikio. Nimeyasikia maelezo ya kila aina kuhusu mtoto yule kabla sijasikia yaliyo sahihi.

Alizaliwa mzima. Alinyonya, akanenepa, akacheka na kila mtu. Alipoanza kukaa mwenyewe ndipo viganja na nyayo vilipovimba, ngozi ikang'aa, akawa hataki kushikwa hata na mama yake. Macho yakaingia umanjano. Jirani akasema amebemendwa, yaani mmoja wetu ametoka nje ya ndoa mtoto angali ananyonya. Bibi mmoja akaja na wembe, anataka kumchanja chale. Zahanati tuliyoizoea walimtibu malaria, akarudi, wakamtibu malaria tena. Siwalaumu sana. Kigoma, homa ya mtoto ukisema ni malaria mara nyingi unapatia: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wetu ndio uliokuwa ukiongoza, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea. Kwa kuwa malaria ni ya kila siku, ugonjwa mwingine hupata pa kujificha.

Aliyefumbua ni tabibu mmoja wa hospitali ya Maweni, kijana kabisa. Alimminya vidole taratibu, akamfunua kope, akapapasa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, kisha akaniuliza, "Mzee, huko kwenu kuna sikoseli?"

Kipimo cha kwanza kilichukua muda mfupi. Tone la damu huchanganywa na dawa inayonyonya oksijeni, halafu linatazamwa kwa hadubini. Kama kuna kasoro, chembe nyekundu zilizokuwa duara zinapinda zinakuwa na umbo la mundu. Ndiyo maana kwa Kiswahili ugonjwa unaitwa selimundu, ingawa mitaani sote tunasema sikoseli. Kipimo kile husema tu kwamba kasoro ipo. Hakisemi kama mtu ni mgonjwa au ni mbebaji asiyeumwa kitu. Kujua hilo kunahitaji kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na wakati ule sampuli ilipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Majibu ya mtoto yalirudi SS, yaani mgonjwa. Ya kwangu na ya mama yake yalikuja kwenye karatasi mbili, na zote mbili zimeandikwa AS, yaani mbebaji.

Ndugu msomaji, kama una wakwe, piga picha ya karatasi zile mbili mezani.

Muuguzi aliyetupa ushauri alichora miraba na mishale. Mimi nilielewa kwa njia ya kazi yangu. Fundi ana karatasi ya vipimo anayokatia nguo, na kila nguo inayotoka hapo inabeba vipimo vya karatasi ile, ukiwemo mkato uliokosewa. Mwili nao una karatasi zake, ndizo jeni, zimeandikwa kwenye DNA iliyofungwa katika kromosomu 46 ndani ya seli. Jambo nisilolijua ni kwamba kila karatasi tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na mwili hukatia zote mbili. Mimi na mke wangu tuna nakala moja nzima, ndiyo A, na moja yenye kosa, ndiyo S. Zaidi ya nusu ya himoglobini yetu inatoka salama, na hiyo inatosha mtu acheze mpira, avue, azae, azeeke bila kujua. Mtoto wetu alipewa na kila mmoja wetu ile nakala yenye kosa. Hana nakala nzima ya kukatia.

Na kosa lenyewe ni dogo kiasi cha kukera. DNA ya binadamu ina herufi karibu bilioni 3, za aina nne tu: A, T, G na C. Kwenye jeni moja iliyoko katika kromosomu ya 11, pale palipotakiwa kusomeka GAG pamesomeka GTG. Herufi moja. Matokeo yake ni kwamba katika mnyororo wa himoglobini wenye asidi amino 146, yaani vipande vinavyounda protini, ile ya sita inabadilika: badala ya glutamiki, inayopatana na maji, inakaa valini, inayoyakwepa maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, sehemu hiyo inanasa kwa jirani yake, jirani kwa jirani, mpaka inatokea mihimili ndani ya chembe na kuipinda. Chembe iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa myembamba, na ndiyo maumivu. Haidumu pia: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, iliyopinda huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo upungufu wa damu, na mabaki ya chembe zilizovunjika ndiyo umanjano wa macho.

Haya ya herufi sikuyapata kwa muuguzi. Niliyapata kwa binti yangu mkubwa, aliyekwenda kusomea uuguzi Tabora na akirudi likizo alikuwa akiniachia madaftari yake nisome wakati wa mvua, wateja wakiwa hawaji. Humo ndimo nilimosoma kwamba chembe zile za mundu zilielezwa kitabibu mara ya kwanza Chicago mwaka 1910, na daktari James Herrick, kutoka kwenye damu ya kijana aliyetokea kisiwa cha Grenada. Kwamba mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa tatizo liko ndani ya himoglobini yenyewe. Na kwamba mnamo 1956 na 1957 Vernon Ingram akaipata ile asidi amino moja iliyobadilika. Wazungu wanasema 1910. Bibi zetu walikuwa wanazika watoto wenye macho ya njano kabla ya hapo, ila hawakuwa na hadubini.

Nasema hivyo kwa sababu mama yangu mzazi, tulipomwonyesha zile karatasi, hakubishana. Alikaa, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akilia miguu kila kipupwe. Mtoto wa shangazi yake, "yule wa bandama," tumbo limejaa upande mmoja, akaondoka kwa siku moja. Shangazi zangu waliosema ukoo haujawahi kusikia wakanyamaza, maana na wao walikuwepo kwenye matanga hayo. Ugonjwa ulikuwepo, ila haukuwa na jina moja. Ulikuwa ukiitwa bandama, homa, kubemendwa, jicho la watu.

Kuhusu ziwa, ukweli ni kwamba pande zote mbili zina kosa hilo, na sababu ni mbu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu mwenye AS anakingwa dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye zimethibitisha: kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Kwa hiyo, vizazi kwa vizazi, penye mbu wengi mtoto mwenye AS alikuwa na nafasi kubwa ya kukua na kuzaa kuliko mwenzake mwenye AA, asiye na kosa lolote, na herufi ile ikaenea pamoja naye. Mbu wa Kalemie na mbu wa Kigoma ni wamoja. Kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu, Nigeria na Kongo wako juu kabisa Afrika, na Tanzania nayo imo kwenye zinazoongoza: makadirio ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Inawezekana mimi niko hai kwa sababu ya nakala ileile inayomtesa mwanangu. Nimewahi kulifikiria hilo usiku mzima na sikulipatia pa kuliweka.

Ila watu wasichanganye. Kinga ni ya mbebaji. Mwenye SS malaria haimwogopi hata kidogo, inammaliza haraka kuliko mtoto mwingine, kwa kuwa damu yenyewe tayari ni pungufu. Nimekutana na baba mmoja kliniki aliyeacha chandarua akiamini mwanawe "ana kinga ya asili".

Sasa nije kwenye neno ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike: robo. Muuguzi alisema, "Kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS, nusu kuwa AS, robo kuwa AA." Alisema vizuri na alirudia. Lakini sentensi hiyo ilipotoka kliniki mpaka kufika ukumbini kwa wazee ilikuwa imeshageuka. Mama mkwe aliipokea hivi: katika kila watoto wanne, mmoja ataumwa, ninyi wenu wa kuumwa mmeshampata, waliobaki ni salama. Alifurahi. Aliona deni limelipwa.

Mtoto wetu wa tatu, binti, alizaliwa SS.

Hapo ndipo ugomvi ulipotaka kuanza upya, safari hii wa kwamba hospitali wanadanganya. Nilichukua chaki ya kitambaa nikawaandikia wakwe juu ya meza ya kukatia. Mbegu ya baba inabeba nakala moja tu kati ya mbili, na yai la mama vivyo hivyo. Mbegu haijui kaka alipewa nini. Kila mimba ni mwanzo mpya, robo ileile. Binti yangu mkubwa alinipigia hesabu za wazazi wote wawili AS wenye watoto wanne: katika kila familia 100 za aina hiyo, 32 hivi hazitapata hata mtoto mmoja wa SS, 42 zitapata mmoja, na 26 zitapata wawili au zaidi. Sisi tuko kwenye 26. Tuna mkubwa AS, wawili SS, na kitinda mimba AA.

Ziangalie vizuri zile familia 32. Hao ni baba na mama wenye nakala yenye kosa kila mmoja, watoto wanne wote wazima, na wataapa msikitini na kanisani kwamba kwao hakuna. Watoto wao wengi ni AS na wataoa. Kwa hiyo mtu akiniambia "kwetu hakuna," mimi husikia "kwetu hatujapima." Nimeshawaudhi watu wengi kwa jibu hilo na sijaliacha.

Maisha ya kila siku na watoto wawili wa SS ni ya vitu vidogo visivyoisha. Maji, maji, maji. Sweta, hasa Juni na Julai, upepo wa usiku ukitoka ziwani. Kuogelea ziwani siyo kwa kukatazwa, ila akitoka ajifute na avae hapohapo. Vidonge vya foliki. Penisilini asubuhi na jioni mpaka walipofika miaka mitano, kwa sababu wengu wao, yaani bandama, huharibika mapema na wengu ndio unaolinda mwili dhidi ya bakteria wa nimonia. Mke wangu alifundishwa kupapasa bandama ya mtoto kila jioni. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, ni hospitali usiku huohuo, hakuna kungoja kuche. Na mkojo: figo zao hazibani maji vizuri, hivyo hukojoa mara kwa mara, hata kitandani, wakiwa wakubwa. Mwalimu mmoja alimchapa mwanangu kwa kuomba ruhusa ya kutoka darasani kila mara. Nilikwenda shuleni na madaftari ya binti mkononi, nikamsomea. Hakuchapwa tena, na akapewa ruhusa ya kuweka chupa ya maji juu ya dawati.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kidonge kinachoitwa haidroksiurea. Kinavyofanya kazi kinarudi kwenye swali lililonisumbua mwanzo: kwa nini mtoto alikuwa mzima ile miezi ya kwanza? Ni kwa sababu mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, inayoandikwa na jeni nyingine isiyo na kosa. Baada ya kuzaliwa mwili huizima taratibu na kuwasha ile ya utu uzima, na kufikia miezi sita hivi kosa linajitokeza. Haidroksiurea inaifanya ile ya utotoni iendelee kutoka kwa kiasi. Si dawa ya kumeza kienyeji, inahitaji kupima damu mara kwa mara maana inaweza kupunguza chembe nyeupe, lakini maumivu ya kijana wangu yalipungua kiasi kwamba alimaliza muhula bila kulazwa.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba inayohariri DNA yenyewe, inaitwa Casgevy. Vijana wa hapa mtaani waliponionyesha habari ile kwenye simu walidhani herufi ile moja imesahihishwa. La. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, swichi inayozima himoglobini ya utotoni inakatwa, zikarudishwa mwilini. Herufi yenye kosa inabaki palepale, ila inapata mwenzake wa kumbebea mzigo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Nilizigeuza kuwa shilingi, nikafunga simu, nikaendelea kushona.

Kuna mteja wangu ambaye lazima nimtaje, bila jina. Ana binti mwenye ualbino. Mimi ndiye namshonea: mikono mirefu, shingo ya kupanda, kofia yenye ukingo mpana wa pande zote, maana kepu inaacha masikio na shingo juani. Mumewe alimwacha kwa kusema mtoto si wake. Kanuni ni ileile ya kwangu. Ualbino unaotokea zaidi kwetu unatokana na kosa kwenye jeni iitwayo OCA2, hapo si herufi iliyobadilika bali kipande kizima kimepotea, na mtoto huupata akirithi nakala zenye kosa kutoka kwa wazazi wote wawili. Yule bwana anayedai si wake ndiye aliyetoa nusu. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Ukipiga hesabu, karibu mtu mmoja kati ya 20 anabeba nakala yenye kosa akiwa mweusi tii. Na bado, hapa mkoani, watoto wa namna hiyo ilibidi wakusanywe Kabanga, kule Kasulu, walindwe dhidi ya watu wazima wenye mapanga.

Kwa binti yule nilijifunza pia kwamba si kila kosa la DNA hurithiwa. Mionzi ya jua huharibu herufi za DNA kwenye ngozi isiyo na rangi ya kuikinga, makosa yanarundikana mwaka hadi mwaka, na mwisho ni saratani ya ngozi. Makosa hayo hakuzaliwa nayo na hatamrithisha mwanawe. Yanabaki kwenye ngozi ile ile iliyoungua. Ndiyo maana bado nabishana na mama yake kuhusu ukingo wa kofia. Yeye anautaka mwembamba upendeze.

Mwaka huu binti yangu mkubwa ameposwa. Kijana ni wa Urambo, kwao wakulima wa tumbaku, watu wa heshima. Mshenga alipokuja nilimwambia mahari tutazungumza, lakini kwanza kijana akapime. Alikunja uso. "Mzee, kwani kwetu umesikia kuna maradhi?" Nikamwambia habari za familia 32. Akaniambia hajawahi kuona posa inayojibiwa kwa hesabu.

Kijana alipima hospitali ya Kitete, Tabora, kimyakimya, bila kumngoja mshenga. AS, sawa na binti.

Shangazi mmoja alitaka posa irudishwe siku hiyohiyo. Mke wangu alikataa, na mimi nikawa upande wake. Kama wazee wangepima zamani na kutumia majibu kutenganisha watu, ndoa yangu isingekuwepo, na mimi siijutii. Kupima kunampa mtu nafasi ya kuamua akiwa anajua. Wale vijana walikaa na mshauri, wakarudi, wakakaa wao wawili kwa muda wao, wakaamua kuoana. Binti anajua kuliko sisi sote uzito wa uamuzi huo. Amelala wodini na wadogo zake.

Harusi ni baada ya masoko ya tumbaku kufungwa. Sharti langu nililiandika kwa mkono wangu kwenye jibu la posa, chini ya mahari, na mshenga akalisoma kwa sauti mbele ya wazee wa Urambo: mtoto yeyote atakayezaliwa achukuliwe tone la damu kisiginoni, la kupima sikoseli, kabla hajatoka hospitali. Mzee mmoja aliuliza kama hilo tone linahesabiwa ndani ya mahari au nje. Nikamwambia nje.